Sanduku la Kazi Zisizo na Namba

Wiki tatu kabla sijastaafu, Kevin wa idara yetu alivuta kiti karibu na changu akanionyesha kwenye kompyuta yake masomo ya mtandaoni ambayo chuo kinaanza muhula huu. Kevin ni kijana mwenye adabu na mwenye haraka, mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai nyumba moja. Alinionyesha mahali pa kuweka maandishi ya somo, mahali ambapo wanafunzi wataacha kazi zao, na mahali pa alama. Kisha akafika kwenye kitufe kimoja akatabasamu.

"Hii ndiyo napenda sana, Madam. Ukiiwasha, mwanafunzi hawezi fungua somo la tano kama wewe hujamark la nne. System inamlock tu. Inaleta discipline."

"Na mwalimu asiposahihisha?"

"Si hiyo ni kazi yake, Madam? Atamark."

Aliniomba nimwandikie yeye na wenzake ukurasa mmoja wa mawaidha, maana amesikia kwamba niliwahi kufundisha wanafunzi nisiowaona kabla yeye hajazaliwa. Nimejaribu ukurasa mmoja, umenishinda. Nimekaa hapa nyumbani, mtaa wa Pioneer, hakuna kengele ya kunikatiza, na kile kitufe hakijanitoka kichwani. Kwa hiyo Kevin avumilie, asome kurasa zote.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini chuo chetu kilikuwa na chumba kimoja nyuma ya stoo ya viti. Mlangoni paliandikwa Kitengo cha Masomo kwa Posta. Wakati ule shule nyingi za msingi zilikuwa na walimu wasio na cheti. Waliajiriwa kwa sababu watoto walikuwa wengi na walimu wenye cheti hawakutosha. Serikali iliwaambia wabaki darasani mwao huku wakisoma kwa barua. Tuliwatumia masomo kumi, moja baada ya jingine, kila somo na zoezi lake. Aliyemaliza yote kumi aliruhusiwa kuja Eldoret kufanya mtihani wa cheti. Ambaye hakumaliza alijua kwamba siku yoyote mwenye cheti angeletwa shuleni, naye aambiwe asante.

Niliingia chumba hicho nikiwa na miaka ishirini na sita. Nilikabidhiwa meza, taipureta, mashine ya kurudufu iliyopenda kunimwagia wino kwenye sketi, masanduku mawili ya mbao, na droo iliyojaa kadi, kila mwanafunzi na kadi yake. Ukutani kulikuwa na picha ya Rais kama ilivyokuwa katika kila ofisi na kila duka nchini, na chini ya picha aliketi mkuu wa kitengo, Bwana Kirwa, mgongo wima kana kwamba picha ile inamwangalia yeye peke yake.

Bwana Kirwa ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kupiga stensili, ile karatasi ya nta ya mashine ya kurudufu, kwa nguvu ileile kila herufi, ili nakala ya mwisho isomeke kama ya kwanza. Alinifundisha pia jambo ambalo ningetaka walimu wa mtandao walishike hata kama watasahau mengine yote. Nilipomaliza kuandika somo langu la kwanza, aliichukua karatasi, akaenda nayo jikoni, akampa mpishi wa chuo.

"Soma hapa, halafu ufanye vile inasema," alimwambia.

Mpishi alisoma, akakuna kichwa, akauliza "jedwali lililotajwa" liko wapi. Halikuwapo. Nililiacha mezani. Bwana Kirwa akaniambia, "Mpishi akikwama hapa jikoni, na wewe uko karibu, yule wa kule mbali atafanya nini?" Tangu siku ile hakuna somo langu lililotoka bila kupita jikoni, na yule mpishi alimaliza miaka yake ya kazi akijua jiografia kuliko walimu kadhaa ninaowafahamu. Ninyi mnaoandika kwenye kompyuta kubwa za ofisi, mpeni mtu asiyehusika asome somo lenu kwa simu ndogo yenye kioo kilichopasuka. Mtajifunza mengi.

Mengine nilijifunza kwa kuaibika. Nilikuwa nasahihisha kwa wino mwekundu, tena kwa bidii, mpaka mwalimu mmoja mama wa Cheptiret aliponirudishia kazi yake na kijikaratasi: "Madam, mtoto wangu ameuliza kama hapa kumechinjiwa kuku." Nilicheka, kisha nikaitazama ile karatasi tena nikaona mtoto hakukosea. Niliacha wino mwekundu. Nilianza kwa kuandika kitu kimoja alichofanya vizuri, kisha makosa mawili tu ya kurekebisha, hata kama yalikuwa kumi na mawili. Mtu hawezi kuokota mahindi yote yaliyomwagika kwa mara moja.

Pia tulikuwa na kipindi chetu redioni, alasiri, saa ambayo mwalimu wa shule ya msingi yuko nje anagawa maziwa ya shule kwa watoto mia tatu. Aliyepanga saa hiyo hakuwa amewahi kugawa maziwa. Kwa hiyo mkitaka kukutana na wanafunzi wenu kwa video, waulizeni kwanza saa hiyo huwa wanafanya nini.

Sasa niseme habari ya sentensi yangu, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

Mwaka wangu wa kwanza baadhi ya walimu waliazima masomo ya wenzao waliowatangulia, wakajaza yote kumi na kuyatuma kwa bahasha moja, kosa la somo la kwanza likirudiwa mpaka la kumi. Nikakaa nikafikiri, nikatunga amri, nikaipiga kwa herufi kubwa chini ya kila somo: USIANZE SOMO LINALOFUATA KABLA HUJAPOKEA MASAHIHISHO YA SOMO HILI. Bwana Kirwa aliisoma akaipitisha. Nilijivunia sentensi ile. Ilileta nidhamu, Kevin.

Tulikuwa na kanuni nyingine mbili. Mwanafunzi hakuruhusiwa kuandika jina lake kwenye kazi, aliandika namba ya usajili tu, kona ya juu kulia, ili tusahihishe bila kumpendelea ndugu wala jirani. Na mwanafunzi ambaye hakuleta kazi kwa mihula miwili alipigwa mstari kwenye kadi yake, jina likapelekwa Nairobi kwamba ameacha. Kazi zilizofika bila namba ziliwekwa katika lile sanduku la pili la mbao, zingoje mwenyewe aulize. Niliwaona wale wasioandika namba kuwa wazembe, na sanduku lile sikulifungua mara nyingi.

Bahasha zilikuwa zikitufikia kwa magunia. Nyingi zilifungwa kwa uji wa unga badala ya gundi, na uji ukishakauka hutafungua kwa kidole. Nikabuni njia yangu. Tulikuwa na kile kisu kirefu cha kukatia karatasi, kilichofungwa kwenye ubao na kushushwa kwa mpini. Nilizipanga bahasha kumi kumi, nikazigonga mezani zilingane, nikashusha kisu mara moja. Zote kumi zikafunguka. Wenzangu walikuja kutazama, nami nilikuwa sichoki kuwaonyesha.

Ndipo asubuhi moja ya Jumanne akaingia ofisini mzee mmoja Msomali, amevaa koti juu ya kikoi, kofia mkononi. Alijitambulisha kwa jina la Farah, mwenye duka mjini Moi's Bridge. Alikuwa akija Eldoret kila Jumanne na Ijumaa kwa pikapu yake kuchukua sukari na sabuni. Alikataa kiti kwanza, kisha akakikubali.

"Madam, mimi ni mtu ya sukari, si mtu ya masomo," alisema. "Lakini huyu mwalimu wenu Wanjala amenishinda. Sanduku la posta anatumia ni yangu. Kila siku nikitoka posta anakuja kwa duka anauliza, Mzee, barua iko? Namwambia hakuna. Anasema sawa, anaenda. Miezi saba hivyo."

"Kwa nini hakuandika kutuuliza?"

"Nilimwambia andika. Akasema, hapana, huyo Madam ana watu wengi, mimi siwezi kimbiza ofisi. Ati ukikimbiza ofisi, ofisi inakukumbuka vibaya. Sasa juzi mwalimu mkuu wake amemwambia list ya wale wanasoma kwa posta imekuja, yeye hayuko. January analetwa mtu wa certificate. Ndiyo ameandika hii. Na hata hii nimemlazimisha."

Alinipa barua. Nimeisoma mara nyingi mno katika maisha yangu, naweza kuiandika bila kuitazama. "Madam, samahani kwa kukusumbua. Bado nangoja masahihisho ya somo la nne kama ulivyoagiza. Sijaanza la tano. Kama nimekosa, naomba uniambie nilipokosa. Ni mimi, Mwalimu Wanjala."

Nilivuta droo nikaitoa kadi yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, mwalimu wa darasa la tatu kwa miaka kumi na mitano. Somo la kwanza, la pili, la tatu, alama nzuri. Kisha hapakuwa na kitu, na juu ya jina lake mstari wa rula, mwekundu, umenyooka. Niliuchora mimi. Wino niliowaondolea wanafunzi kwenye kazi zao nilikuwa bado nautumia kwenye kadi.

"Hakutuma la nne, Mzee," nilimwambia Farah. "Ni yeye ambaye hakutuma."

"Alituma. Bahasha nilitia posta mimi na mkono wangu."

Sijui ni nini kilichonipeleka kwenye lile sanduku. Labda ni mwandiko wa barua, herufi ndefu zilizosimama wima kama nguzo za ua. Nilipiga magoti nikaanza kupekua kazi zisizo na namba, na karibu na chini kabisa nikaukuta mwandiko ule. Somo la nne, lote limejibiwa, safi, bila kufutafuta. Nilitazama kona ya juu kulia nikaona haipo. Haikuchanika wala kuliwa na panya. Ilikatwa mshazari, kwa kisu chenye makali, mkato ulionyooka kabisa.

Nilibaki pale sakafuni. Miezi saba mimi nilikuwa namngoja yeye, naye ananingoja mimi, na aliyekata kamba kati yetu ni mimi na ule ujuzi wangu wa kushusha kisu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini kabla wala baada ya hapo. Na juu ya aibu niliona hasira, kwa sababu mtu yule alifanya kila kitu nilichomwambia. Angekuwa mkaidi kidogo, angeazima ya wenzake, angekuwa kwenye somo la tisa.

Bwana Kirwa alirudi kutoka mkutanoni akanikuta nimeshika karatasi, Mzee Farah ameketi kando. Nikamweleza. Akafunga mlango.

"Fomu za mtihani zinafungwa baada ya wiki tano," alisema. "Na jina lilishaenda Nairobi, Madam. Kulirudisha lazima barua ya kueleza sababu. Andika posta ilipoteza."

"Posta haikupoteza, Bwana Kirwa."

"Najua. Nakwambia andika."

Nilimkumbusha kanuni aliyonifundisha mwenyewe. Kazi iliyopotea njiani ilikuwa hasara ya mwanafunzi, naye angengoja mwaka mwingine. Jina lingerudishwa kwa sababu moja tu, kosa la ofisi. Ningesingizia posta ningejiokoa mimi, na Wanjala angetolewa darasani Januari.

Bwana Kirwa alishusha sauti. "Wewe uko kwa probation, hujathibitishwa kazini. Siku hizi mtu akisema amekosa kwa kazi ya serikali, kuna wale hawatasema ni kosa. Watasema ni hujuma. Umesikia? Huyu mwalimu angoje mwaka ujao. Subira huvuta heri."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona mwenzake akihamishwa mbali kwa neno dogo kuliko hilo, na aliniogopea kama mzazi. Nami niliogopa, sitasema uongo. Sote tulikuwa tumefundishwa hivyohivyo, kufuata nyuma ya aliyetangulia na kungoja neno kutoka juu, kuanzia waziri mpaka mwalimu wa darasa la tatu.

Ni Mzee Farah aliyemjibu. "Mzee mwenzangu," alimwambia Bwana Kirwa kwa upole, "hiyo subira ni kweli. Lakini hata ngoja ngoja huumiza matumbo. Huyu mtu ameumia miezi saba."

Bwana Kirwa aliichukua ile karatasi ya somo la nne. Aliisoma yote, jibu kwa jibu, mpaka nikadhani ametusahau. Kisha akapapasa ile kona iliyokatwa kwa kidole gumba. Alivuta droo yake akatoa karatasi yenye kichwa cha chuo akanipa.

"Andika kwa mkono wako. Mimi nitapitisha."

Niliandika mistari sita. Kwamba kazi ilifika, kwamba niliikata namba wakati wa kufungua bahasha, kwamba sikufanya uchunguzi, kwamba mwanafunzi hana kosa. Niliweka sahihi. Bwana Kirwa akaisoma, akachukua kalamu, na chini ya sahihi yangu akaongeza sentensi ambayo sikuitarajia: "Njia hiyo ya kufungua bahasha niliiruhusu mimi." Akapiga muhuri, akatoka nje kuvuta hewa. Tangu siku hiyo ningetumwa popote na mtu yule, ningekwenda.

Jibu la Nairobi lingechukua wiki mbili au zaidi, na kwa posta barua ilikuwa ikichukua zaidi ya wiki kwenda Moi's Bridge. Tungengoja majibu yote hayo, fomu zingefungwa. Nilisahihisha somo la nne palepale, Mzee Farah akitazama kama mtu anayengoja chai ichemke. Nikachukua somo la tano, nikaikata ile amri yangu ya herufi kubwa kwa kalamu, na juu yake nikaandika kwa wino wa buluu: "Mwalimu Wanjala, kosa lilikuwa langu, si lako. Endelea. Ukikosa jibu langu, endelea vilevile, kisha uniandikie kuniuliza nimelala wapi." Bahasha ikakaa mbele ya pikapu, kando ya dereva, na dereva alikuwa Mzee Farah mwenyewe.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kwa wiki tano. Jumanne pikapu ilileta kazi, nami niliacha yote mengine nikaisahihisha sukari ikipakiwa. Ijumaa ikaleta nyingine. Karatasi za Wanjala zilianza kunukia sabuni ya kipande. Wakati mwingine nilikuwa na nafasi ya kuandika maneno matano tu, na nimegundua kwamba maneno matano yanayofika leo yanafundisha kuliko ukurasa unaofika mwezi ujao. Hata neno "Nimepata" linatosha kumpa mtu usingizi. Kevin, mfundishe kila mwalimu kuandika "Nimepata".

Wiki ya pili jibu la Nairobi lilikuja. Jina limerudishwa, mradi masomo kumi yawe yamekamilika kabla ya tarehe. Pamoja nalo ilikuja barua yangu ya onyo kwa uzembe kazini. Bwana Kirwa aliiweka kwenye faili langu. Iko hadi leo, na katika karatasi zote zilizomo ndani ya faili lile ndiyo ninayoipenda.

Wiki ya nne mvua ilinyesha siku mfululizo. Ijumaa pikapu haikuja. Jumanne haikuja. Masahihisho ya somo la saba, ambayo sikuyamaliza kabla pikapu haijaondoka, yalikuwa yamebaki mezani kwangu na somo la kumi halijamfikia. Bahati yangu ni kwamba nilikuwa nimemtumia la nane na la tisa kwa pamoja safari iliyotangulia. Nilijua atafanya nini. Mtu aliyengoja miezi saba hatashindwa kungoja wiki moja zaidi, naye angekaa pale dukani akiuliza kama barua iko, kalamu mfukoni, mpaka tarehe ipite. Nilikuwa nimemwandikia endelea, lakini sikumwamini. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa iliyofuata Mzee Farah aliingia na matope mpaka magotini, bahasha ameifungia ndani ya mfuko wa sukari.

"Gari ililala kwa matope siku tano," alisema. "Pole, Madam."

Nilikata bahasha pole pole kwa rula, maana kile kisu nilishakifungia stooni kwa mikono yangu. Ndani mlikuwa na somo la nane. Nyuma yake mlikuwa na la tisa. Na juu ya la tisa, kwa herufi zilezile ndefu zilizosimama, aliandika: "Sijapata masahihisho ya la saba. Nimeendelea. Madam, umelala wapi?"

Nililia, mbele ya mzee wa watu, nikiwa na miaka ishirini na saba na cheo cha mwalimu wa chuo. Mzee Farah alitazama ukutani kwa heshima mpaka nilipomaliza. Somo la kumi liliondoka naye siku hiyohiyo na likarudi Jumanne. Fomu ya Wanjala niliipeleka mimi mwenyewe, siku mbili kabla ya kufungwa.

Asubuhi ya mtihani nilisimama kwenye ukumbi wa chuo kama msimamizi. Watahiniwa waliitwa kwa namba, wakaingia, wakaketi. Kiti kimoja karibu na dirisha kilibaki wazi. Niliitazama namba yake mezani, ilikuwa ya Wanjala. Nikatoka nje. Pale ukutani, hatua tatu kutoka mlangoni, alisimama mwanamume mrefu mwenye mvi chache, suti ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Wewe ni Mwalimu Wanjala?"

"Ndiyo, Madam."

"Mbona uko nje?"

"Walipoita namba sikusikia vizuri. Nikaona nisiingie tu hivi. Nangoja niitwe tena."

Alinitazama, na nadhani aliijua sauti aliyokuwa akiisoma wiki zote zile, maana alisema taratibu, "Kumbe ni wewe. Nilidhani Madam ni mtu mzima."

Nilikuwa na hotuba nzima niliyokuwa nimeitayarisha ya kumwomba msamaha. Hakukuwa na muda. Nilifungua mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Mwalimu, ingia," nilimwambia. "Usingoje."

Akaingia. Alipita masomo yote isipokuwa hesabu. Kwa matokeo yale aliruhusiwa kubaki darasani mwake mwaka mmoja, arudie hesabu. Nilipopata habari hiyo nilichukua kalamu ili nimwandikie jinsi ya kuomba fomu ya marudio, mahali pa kuipata na tarehe ya mwisho. Kabla sijaitia barua yangu posta, Mzee Farah alikuja Jumanne na bahasha nyembamba. Ndani mlikuwa na karatasi moja. "Madam, nimeshajaza fomu ya kurudia hesabu na nimeituma. Sikungoja kuambiwa."

Alifaulu. Alifundisha darasa la tatu mpaka alipostaafu, miaka mingi kabla yangu.

Ile amri ya herufi kubwa niliiondoa kwenye kila stensili, na sanduku la kazi zisizo na namba nililifungua kila Ijumaa mchana mpaka kitengo kilipofungwa. Kwenye mtandao wenu hamna kisu wala uji wa unga, lakini lile sanduku lipo mahali fulani. Kazi iliyotumwa ikakwama, jina lisiloonekana kwenye orodha, mwanafunzi ambaye kompyuta inasema hajaingia wiki sita. Msimpige mstari. Mpigieni simu. Yawezekana ni mtu mtiifu tu, anayengoja.

Kevin, kile kitufe, kizime.